Jozi ya Vidole Vinane

Tanga lilifika Moshi ndani ya begi la mpagazi,
limekunjwa kama mkeka wa msiba,
linanuka chumvi na kitu kingine nisichokijua.
Ndesario akalitua juu ya meza yangu, Kiboriloni.
Cherehani ikatikisika, mteja wa sare za shule akasogea.
"Elinami, kule kushona hili ni bei ya ng'ombe wawili.
Mama Ingunni amesema tujaribu kwetu kwanza."

Nikamwuliza, ni upepo gani unaochana kitambaa kigumu hivi?
Akasema, wa kule juu, ambako mwezi wa sita
jua huzunguka ukingoni kama ng'ombe aliyefungwa kambani,
halilali,
na maji ni baridi kiasi kwamba ukianguka
una dakika chache za kutumia akili,
kisha akili inakuacha.

Meza haikutosha. Kibaraza hakikutosha.
Mchungaji akatupa ukumbi wa usharika mpaka Ijumaa saa kumi,
maana Jumamosi kuna harusi ya akina Massawe.
Tukavua viatu, tukalitandaza
kutoka jukwaani hadi mlango wa jikoni,
nami nikatambaa juu yake siku mbili,
sindano ya magunia, uzi uliopakwa nta,
nikipiga mishono mitatu pale wenzangu wangepiga mmoja.
Akataka na safu ya nne ya vitundu, juu ya ile ya tatu,
ya kupunguzia tanga upepo ukizidi.
"Tanga dogo linafika," akasema. "Kubwa linafika vipande."

Wanakwaya walipita ubavuni mwa ukuta
kama watu wapitao ukingo wa mfereji.
Mmoja akacheka: "Na mashua yenyewe iko wapi?
Itaelea kwenye mbege?"

Ndesario hakucheka. Alikuwa pembeni na ndoo
ya barafu ya muuza samaki wa Mbuyuni,
anachovya mikono mpaka igeuke majivu,
kisha anafunga fundo, macho kayafumba.
Fundo likateleza.
Akachovya tena.

Ninaijua mikono hiyo.
Ule wa kushoto, kidole cha mwisho na jirani yake
vilibaki Kibo, miaka kumi na moja sasa,
usiku wa glavu za pamba na mzigo wa kilo ishirini.
Mgeni alikuwa na jozi mbili, moja mkononi, moja begini,
na begi alilibeba Ndesario.
Hakulifungua. Halikuwa lake.
Yeye hasimulii. Alinisimulia mama yake, mara moja,
akimenya ndizi, bila kuinua kichwa.

Alhamisi nikaingia kwenye marobota ya mitumba,
nikachimbua sufu: soksi nzito, kofia yenye masikio,
sweta la mvuvi wa nchi za watu, kiwiko kimeliwa.
Nguo za baridi hutufikia zimeshachoka.
Hizi zitarudi kwao zikiwa na mtu ndani.

Nikapata na glavu, ngozi nje, manyoya ndani, nzima.
Usiku umeme ulikatika, mlima ulijifunika.
Nikawasha taa ya chemli, nikakata vidole viwili vya kushoto,
nikavifunga vifupi, mshono umetazama nje
usije ukamkwaruza kovu,
na kitambaa kitupu kisije kikanaswa na kamba
kikamvuta alikokwenda.
Vile vipande viwili sikuvitupa.
Viko kwenye kopo la vifungo.

Ijumaa saa tisa tukakunja tanga, mkunjo kwa mkunjo,
yeye upande wa jukwaa, mimi upande wa jikoni,
tukakutana katikati.
Nikampa glavu. Akavaa.
Akafumba ngumi, akaifumbua, akaifumba.
Hakusema asante. Aliuliza,
"Ulipimaje?"
Kwa macho, nikamwambia, kama ninavyowapima wote.

Mlangoni walishaanza kuingiza viti.